Swali Nililolifuta

Kila jioni, nikishaosha vyombo, mama huniachia simu yake kwa nusu saa huku akiendelea kushona. Darasa letu lina kundi la majadiliano mtandaoni. Mwalimu wa sayansi husoma tu; mwanafunzi mmoja ndiye huongoza wiki nzima. Huuliza swali, wenzake hujibu, mwisho huandika hitimisho.

Zamu yangu ilipofika niliuliza, "Maji ya tangi la shule ni salama kunywa?" Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakiumwa tumbo, na mdogo wangu wa darasa la pili aliyanywa kila siku.

Kiranja alijibu wa kwanza: ni salama, kwa kuwa tangi lina mfuniko. Basi wengine wakafuata mkia. "Nakubaliana na mwenzangu." "Naunga mkono." "Nami pia." Majibu thelathini na tisa ya kutia kinyaa, kama chakula kilichokwisha kutafunwa na mtu mwingine. Hata hivyo niliyapokea kwa furaha, maana nilitaka mwalimu aone kundi langu linavyoelewana.

Kisha msichana tuliyembandika jina la Bi Maswali akaandika, "Nani kati yenu amepanda akaangalia ndani?"

Nikaona huyu anataka kuniharibia. Nikaufuta ujumbe wake, nikaandika hitimisho: maji ni salama, sote tumekubaliana.

Siku mbili baadaye mdogo wangu alirudi nyumbani akitapika. Alichafua hadi gauni la mteja wa mama.

"Amekula nini huyu?" mama akauliza.

"Tulichokula sote, mama. Labda maji ya shule," nilijibu, nikiendelea kupiga deki. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Asubuhi mama alimpeleka zahanati. Mimi nilimweleza mwalimu yote, pamoja na ujumbe nilioufuta. Alimwita fundi bomba, naye fundi akaja na ngazi yake, darasa letu likitazama kutoka chini ya tangi.

Mfuniko ulikuwa umepasuka. Fundi aliingiza ndoo, akaopoa panya wawili waliovimba, manyoya yakiwanyonyoka, na utando wa kijani ukining'inia mikiani. Uvundo ukatufikia chini. Kiranja alitapika palepale.

"Haya, nani anaunga mkono sasa?" Bi Maswali akauliza. Wale panya walinichefua, lakini nilijichukia mwenyewe zaidi.

Maji yote ya tangi yalimwagwa, nalo likasuguliwa kwa dawa na kuwekewa mfuniko mpya. Baada ya siku nne mdogo wangu alirudi darasani. Siku hiyo nilisimama mbele ya wenzangu, nikakiri nilichofanya, nikamwomba Bi Maswali msamaha.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila ungeniuliza kwanza nilikuwa na maana gani."

Mwalimu akainuka. "Hata mimi nilisoma majibu yenu nikanyamaza, na ninaona aibu," alisema. Kisha akanigeukia. "Wenzako thelathini na tisa walikupa jibu la mtu mmoja. Huyu mwenzako peke yake ndiye aliyekutaka ukaangalie. Kiongozi humlinda mtu wa namna hiyo, hata kama anamkera. Wewe ulimnyamazisha ili usifiwe, na watoto wadogo wakaendelea kunywa maji ya mizoga."