Kijito Kinapopita kwa Kabichi

Dobi alipenda nguo nyeupe. Wengine hupenda maua. Yeye alipenda mashuka meupe yakipepea kwenye kamba nyuma ya nyumba.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, karibu na kijito. Kila asubuhi mumewe alimtekea maji, akampangia ndoo mlangoni, ndipo akachukua jembe lake. Mume huyo alilima kabichi. Alizungumza kabichi na kuota kabichi. Watu walimwita Kabichi, naye akaitika.

"Mke wangu, leo zimefunga! Zimekuwa kama vichwa vya watoto," alisema.

"Zitafutie kofia basi, nizifulie," Dobi alijibu.

Hivyo ndivyo walivyoishi, kazi kidogo, utani mwingi.

Siku moja binti wa seremala alimletea Dobi gauni la harusi. Mama yake alilivaa siku yake, na sasa ilikuwa zamu ya binti.

"Shangazi, limekaa sandukuni mpaka limechoka," binti alisema. "Na Jumamosi naolewa."

"Tulia, mwanangu. Likitoka mikononi mwangu, mawingu yataona haya."

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi Kabichi aliteka maji kama kawaida. Yalikuwa mazito kwa tope. Siku nyingine Dobi angeyaacha yatulie kwanza, lakini jua lilikuwa limetoka na yeye alikuwa na haraka. Akaloweka gauni. Alipolitoa, lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Alilifua tena. Akalisuuza tena. Kadiri alivyosuuza ndivyo lilivyozidi kufubaa. Mwisho alikaa kwenye kigoda, gauni limemlalia mapajani, akalia.

Kabichi alimkuta hivyo. Mkewe hakuwa mtu wa machozi. Alichuchumaa mbele yake.

"Niambie nifanye nini."

"Nitafutie maji, baba watoto. Maji ya kweli, si uji huu."

Kabichi akabeba ndoo mbili, akafuata kijito kwenda juu.

Karibu na chemchemi aliwakuta watu wakipanda miche. Hao walikuwa watu wa kujitolea. Hakuna aliyewalipa. Walikutana kila wiki kutunza chemchemi na kingo za kijito. Kiongozi wao alikuwa jirani yake, nesi mstaafu. Kabichi alizoea kuwatania akiwaita polisi wa vyura. Leo aliona aibu kidogo.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusaidia au kutukamatia vyura?"

"Nimekuja kuomba maji. Mke wangu yuko nyumbani analia."

Nesi hakutania tena. Alichota maji, akajaza ndoo. Kabichi alitazama ndani. Aliona mpaka kutu kwenye kitako cha ndoo.

"Haya ni maji ya kijito hikihiki?"

"Hikihiki."

"Kwani huku mvua haikunyesha?"

"Ilinyesha mpaka tukashindwa kusikilizana ndani ya nyumba. Lete ndoo moja nikubebee. Tushuke pamoja, uone mwenyewe."

Walishuka polepole, wakikiangalia kijito. Kilipita kwenye nyasi ndefu na mianzi, maji yakawa maangavu. Kilipita mahali ambapo ng'ombe hunywa, ambapo watu wa kujitolea walikuwa wamepanga mawe ili kwato zisivuruge tope. Maji yalikuwa bado mazuri. Kisha wakafika kwenye shamba la kabichi.

Hapo ukingo ulikuwa mtupu. Mistari ya kabichi ilishuka na mteremko moja kwa moja hadi majini, na kila mfereji ulikuwa ukitiririsha tope. Juu ya shamba, kijito kilikuwa safi. Chini ya shamba, kilikuwa chai.

Kabichi alitua ndoo.

"Nesi, usiseme."

"Sijafungua mdomo."

"Ni mimi! Ni mimi niliyemliza mke wangu!"

Nesi alimshika bega. "Si wewe peke yako, na hukujua. Sikiliza. Mizizi ya nyasi hushika udongo. Ukiing'oa, mvua inaubeba. Ukilima mistari inayoshuka na mteremko, umeyatengenezea maji barabara. Geuza matuta yako yakatishe mteremko, maji yatasimama na kuingia ardhini. Na ukingoni usilime. Acha nyasi, panda na mianzi."

"Lakini zile za ukingoni ndizo nono kuliko zote!"

"Ni nono kwa kuwa zinakula udongo wote unaoshuka kutoka juu. Ikija mvua kubwa, zitaondoka na ukingo wenyewe. Hapo utakuwa mkulima wa samaki."

"Niache eneo kubwa kiasi gani?"

"Tutamwomba bwana shamba aje atupimie. Kila mahali pana kipimo chake."

Nyumbani, Kabichi hakuzunguka. "Mke wangu," alisema, "aliyelichafua gauni ni mimi. Mimi na kabichi zangu." Akamweleza yote.

Dobi alilitazama gauni, akamtazama na yeye. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe mchawi wangu nalala naye!"

Siku nzima Kabichi alipanda na kushuka na ndoo. Dobi alifua, akasuuza, akasuuza tena. Jioni gauni lilikuwa jeupe, na Jumamosi binti wa seremala aliolewa nalo.

Nesi alirudi siku chache baadaye, akamkuta Dobi akifulia kijitoni kwenyewe. Povu lilikuwa likielea kwenda bondeni.

"Mwanangu, tumemsema sana mume wako," Nesi alisema. "Na hili povu linakwenda kwa nani?"

"Povu ni sabuni, Nesi. Sabuni ni usafi!"

"Kwa nguo, ndiyo. Lakini walio chini wanateka hapo maji ya kupikia. Na samaki hawafui nguo."

Dobi aliitoa nguo majini. Kabichi, aliyekuwa akiteka maji kando, alijifanya anakohoa ili asicheke.

"Wewe cheka tu," mkewe alimwambia. "Nesi, nifanye nini? Hii ndiyo kazi yangu."

"Fulia nyumbani, kwenye beseni. Chimba shimo mbali na kijito na kisima, ulijaze kokoto na mchanga. Maji ya sabuni umwage humo. Na jambo moja zaidi, nyote wawili: maji yakiwa maangavu, hiyo haina maana kuwa ni salama. Ya kunywa yachemsheni. Wadudu wa kuharisha hawaonekani kwa macho."

Kabichi alichimba shimo. Alipovuna kabichi za ukingoni, Dobi alikwenda naye kupanda nyasi na mianzi. Watu wa kujitolea walikuja kumsaidia Kabichi kugeuza matuta, wakimtania kazi nzima. Aliwatania pia, lakini wiki iliyofuata alikuwa nao kwenye chemchemi, jembe mkononi. Baadaye majirani wengine wawili waliacha kulima kingo zao.

Miche ilishika. Nyasi zikasimama. Msimu wa mvua ulipofika, ilinyesha siku na usiku. Kabichi alitoka na gunia kichwani kwenda kutazama shamba lake. Maji yalikuwa yametuama kwenye matuta, yakizama taratibu. Ukingo ulikuwa palepale. Kijito kilijaa, kikavurugika kidogo, na baada ya siku mbili kikatakata.

Mvua ilipokatika, mume na mke walikwenda kukaa kwenye mawe, miguu majini. Samaki wadogo walipita katikati ya vidole vyao.

Dobi aliinama, akatazama vizuri.

"Baba watoto, kumbe kidole chako cha mwisho kimepinda hivi?"

"Umeolewa nami miaka yote hii, hujakiona?"

"Ningekiona wapi? Miguu yako ilikuwa na tope siku zote."

Kabichi alikikunja kidole ili kukificha. Mkewe alikikanyaga taratibu kwa mguu wake, chini ya maji, akauacha hapohapo.