Zimamoto Asiyeaga

Foleni ya sinema Jumamosi ile ilifika barabarani, na msusi akakanyagwa mguu na mtu ambaye, badala ya kuomba radhi akaishia hapo, alimnunulia tiketi. Alikuwa zimamoto, mabega mapana, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka. Wakakaa pamoja. Filamu ilikuwa ya mafuriko: mji unazama, wapenzi wawili wako juu ya paa. Bwana anamfunga bibie kwenye kamba ya helikopta, anamwambia anampenda, kisha maji yanamchukua. Msusi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni.

"Kamba ile ingewabeba wote wawili," zimamoto akanong'ona.

"Hebu ninyamazie," msusi akasema, akicheka ndani ya machozi.

Walianzia hapo, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtaa mzima ukajua. Ila kitu kimoja kilimkera msusi: mwenzake hakuwa na kwaheri. Kengele ya kituo ikilia, simu inakatwa katikati ya neno.

"Ingekugharimu nini kuniaga?" akamuuliza siku moja kwenye simu.

"Kazi, mpenzi. Tunakimbia."

"Yule wa kwenye filamu maji yalimfika kifuani, na akasema nakupenda. Wewe mkavu unashindwa."

Akakata simu yeye safari hii, na hakupokea nyingine.

"Unamnunia mtu wa watu kwa sababu ya sinema?" dada yake, mwenye saluni, akamuuliza.

Haikuwa sinema. Msusi aliogopa kuolewa na mtu ambaye siku moja angetoka bila neno, asirudi, naye abaki na simu iliyokatika. Hilo hakuweza kulitamka, hivyo akaendelea kununa.

Asubuhi moja saluni imejaa, zimamoto akaingia, akasimama katikati ya vichwa vilivyosukwa nusu.

"Karibu shemeji," dada akasema, akapunguza redio ili asikie vizuri.

"Nilirudi kuiona ile filamu," zimamoto akamwambia msusi. "Peke yangu."

"Ukaikagua kamba?"

"Nililia. Kituoni kwetu hatuagani. Tunaamini anayeaga harudi. Nilidhani nakulinda, kumbe nakutesa. Yule bwana alingoja mpaka maji yamfike ndipo aseme. Mimi nakupenda, na leo niko likizo, hakuna kinachoungua popote. Nataka nikuoe."

Mikono ya msusi ikapoteza njia kwenye nywele za mteja.

"Na kengele ikilia?"

"Nitakuaga kwanza. Wenzangu wakinicheka, wanicheke."

"Mjibu, mwanangu," mteja akasema. "Mimi sina haraka."

Msusi akafuta macho kwa mkono wa nguo, akalishika upya lile fungu la nywele.

"Kaa pale kwenye benchi," akasema. "Nikimaliza kichwa hiki, twende ukamwambie mama."