Binti Mfalme wa Birika la Mahdia

Birika la mawe la uani, la kuwekea maji, lilianza kunuka sufu iliyooza siku ileile Lamjed alipomzua binti mfalme.

Dada yake mkubwa, Hayet, alikuwa jikoni akikoroga mchuzi wa kuskusi. Akamsikia akiwahubiria kwa lugha yao wageni wa likizo waliopanga vyumba kwao, wekundu kama pweza waliochemshwa: "Humu, mabibi na mabwana, miaka elfu iliyopita, binti mfalme alijitosa kwa kumpenda baharia!" Wageni wakaguna kwa huruma, wakapiga picha maji matupu.

Hayet akasonya. Mji huu wa Mahdia, pwani ya Tunisia, umeona watawala, maharamia, na Wahispania waliozilipua kuta zake. Yote hayo hayakumtosha huyu mpumbavu.

"Binti mfalme gani, mwongo we? Babu alikuwa akioshea sufu humo."

"Dada, nani atapanda ndege kuja kusikiliza habari za sufu?"

Kesho yake mchana, mji mzima umejilaza kukwepa jua, Hayet alisikia kicheko birikani, cha puani, kama cha mwanamke anayemcheka mke mwenzie. Akainama. Hakuona ila uso wake majini. Uso ule ulikuwa ukitabasamu, naye hakuwa akitabasamu.

Alimwita Bi Mongia, mganga wa mtaa wa wafumaji. Mwanamke yule akafukiza ubani, akatega sikio, kisha akanong'ona:

"Anasema yumo humu tangu mawe haya hayajachongwa. Hajawahi kutukanwa hivi, kufanywa binti mfalme wa mapenzi."

"Anataka nini?"

"Mdogo wako aungame uongo wake mbele ya wageni. Basi. Asipoungama, mimi sina dawa."

Lamjed aliapa ataungama. Lakini wageni wapya walipoingia na kofia zao pana, wakaketi kumkodolea macho, tamaa ya kushangiliwa ikamshika, naye akaanza, "Binti mfalme alikuwa na macho ya samawati…", na hapo harufu ya sufu ikapanda kutoka birikani ikajaa ua wote, sauti yake ikakatika kama uzi, na kinywa chake kikaendelea bila yeye, kwa sauti kavu ya mwanamke, kwa Kiarabu, kikitaja waliouawa mjini mmoja mmoja kwa majina yao, waliozamishwa, waliochomwa, waliofukiwa chini ya vitanda ambavyo wageni wale wangelalia usiku ule, huku mikono yake ikimkaba shingo kukizuia kinywa, nacho hakizuiliki.

Wageni, wasiojua neno la Kiarabu, walisimama wakapiga makofi.

Hayet alimshika mabega, akamtikisa. "Lamjed! Nijibu, mdogo wangu. Tafadhali."

Macho yalikuwa ya Lamjed, na yalikuwa yakilia. Kinywa kikapinda upande, kikasema polepole:

"Huyu mdogo wako hakuwa na la maana la kusema. Waambie wageni wakae. Sijamaliza."