Alhamisi za Bi Khamisa

Kila jioni, akishamaliza kazi ya shule, Afnan alipewa simu ya mamake aandike blogu. Aliandika habari za mtaa wao wa Spring Valley: paka wa jirani, mti ulioangushwa na mvua, mapishi ya nyumbani. Wasomaji wake walikuwa shangazi zake wa Lamu na Jeremy wa darasani kwao. Basi.

"Blogu yako inalaza watu," Jeremy alimcheka. "Weka kitu cha kutisha, wewe!"

Alhamisi moja magharibi, Afnan alipita kando ya nyumba kuukuu iliyokaa miaka bila mtu. Dirisha la juu lilikuwa wazi, ndani giza tupu. Moshi mweupe ulitoka polepole ukitambaa ukutani, na nyuma yake sauti ilinong'ona, ikanong'ona, bila kupumzika. Nywele zilimsimama. Halafu upepo ukageuka, akanusa ubani, akajicheka. Hata kwao, kila usiku wa kuamkia Ijumaa, mama hufukiza ubani na kumsomea marehemu babu sura ya Yasini. Kumbe kuna mtu amehamia!

Lakini video haina harufu. Afnan alirekodi, akaandika: "Nani ananong'ona ndani ya nyumba hii?"

Loo! Kulipokucha maoni yalikuwa yamefurika, kuanzia Kilimani hadi Dagoretti. "Tuletee zaidi!" Naye akawaletea kila Alhamisi. Mara moshi, mara kivuli kirefu kikipita nyuma ya pazia. Mamake alipouliza anaandika nini, alijibu, "Mambo ya mtaa tu, Mama." Kichwa kilishamvimba, mtoto wa watu.

Kisha wafuasi wakaanza kuja wenyewe. Alhamisi nyingine jioni Afnan aliwakuta vijana wamejaa langoni, simu juu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na moshi wala sauti, na kimya kile kilimtisha kuliko minong'ono yote. Mtu akarusha jiwe. Kioo kilivunjika, kitu kizito kikaanguka ndani, kikafuatwa na kilio chembamba, kirefu.

"Jini!" Wote wakatimua mbio, Jeremy mbele.

Afnan peke yake ndiye aliyejua kwamba hilo si jini. Alikimbia nyumbani akilia, akamweleza mamake kila kitu. Mama alivaa buibui, akamshika mkono, wakaenda.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Nendeni zenu! Nimewakosea nini?" sauti ilijibu kutoka gizani.

"Sisi ni majirani zako, Bibi. Shikamoo."

Mlango ulifunguka taratibu. Alitokea ajuza akichechemea, goti limevimba. Alikuwa Bi Khamisa, aliyeletwa kutoka Lamu na mwanawe, naye mwanawe alikuwa safarini kikazi.

"Marahaba. Nimezima taa zote," alisema. "Leo nimeogopa hata kumsomea marehemu mume wangu."

"Ni mimi niliyewaleta, Bibi," Afnan alisema. "Nilijua ni ubani."

"Ulijua?" Bi Khamisa alimtazama mpaka Afnan akainamisha uso.

Mama alimkanda goti, akampigia mwanawe simu, wakakaa naye. Hapo hapo Afnan alizifuta video zote, akarekodi nyingine akieleza ukweli na kuomba radhi. Wafuasi walimtukana, wakaondoka makundi kwa makundi. Hakuna aliyekuja tena langoni. Jumamosi Jeremy alifika na babake, wakaweka kioo kipya.

Hata hivyo, roho ilimuuma Afnan. "Lakini Mama, mimi sikuandika uongo. Niliuliza swali tu."

"Uliuliza swali ambalo jibu lake unalo," mama alisema. "Ukimficha mtu jibu ili aogope, umemdanganya, mwanangu. Wewe ulipata wafuasi, na mwenzako akakaa gizani, akiogopa kumwombea mumewe."