Okidi Iliyochaguliwa Mara Mbili

Kipande cha gogo kilikuwa bado kinaning'inia kwenye waya. Kamba iliyoushika mmea ilikuwa imekatwa kwa kisu kikali, na utepe mwekundu umeachwa juu ya meza, umekunjwa vizuri kama leso ya kanisani.

"Mwizi gani anakunja utepe?" aliuliza Inspekta Felista.

Inspekta akashusha pumzi. Siku zote alikuwa akifukuzana na wezi wa magunia ya kakao, wezi wa kueleweka, na leo mkuu wa kituo kamwondoa huko na kumleta Ikolo, kwenye kitalu cha maua, kutafuta jani.

"Si jani," alisema mzee Khamisi. "Ni okidi."

"Kwani nimesema kitu?"

"Uso wako umesema."

Mzee Khamisi aliuza vitenge mjini Kyela, na barazani kwake okidi zilikuwa nyingi kuliko viti. Hakutaka chotara za madukani zenye maua kama sahani. Alitaka za asili tu, na kuchagua mmea mmoja kulimchukua muda kuliko wengine wanavyochagua mke.

"Juzi nilikaa hapa asubuhi nzima," alilalamika. "Mmea huuchagui kwa ua, Inspekta. Ua litaanguka. Unatazama mizizi, iwe minene, ncha za kijani. Halafu unauliza umetoka wapi. Ukichukua wa baridi ya milimani ukauleta kwenye joto hili letu, umenunua maiti. Huu ni wa huku huku chini. Ukichanua, ua jeupe, lina mkia mrefu, jioni linanukia mpaka barabarani. Nikaufunga utepe wangu. Leo naja kuuchukua, nakuta gogo!"

"Iliyobaki hakuna ya bei zaidi?"

Doreen, mwenye kitalu, alionyesha safu nzima kwa kidole. "Ile yote. Hakuigusa hata mmoja."

Inspekta alikisogelea kipande cha gogo. Hakukuwa na mzizi hata mmoja uliokatikia kwenye gamba. Chini kulikuwa na tope bichi. Mwizi aliilowesha kwanza mizizi, akaibandua kwa subira. Kapita mbele ya maua yote, kachukua mmea usio na ua hata moja.

"Nani hapa anaijua kazi hii?"

"Mimi," alisema Doreen. Kisha akasitasita. "Na Nancy."

Nancy, mfanyakazi wake, alikuwa amesimama kando ya ndoo. Asubuhi hiyo alikuwa peke yake kitaluni.

"Ulikuwa wapi?" Inspekta alimwuliza.

"Nilikwenda bombani, afande."

"Ukarudi moja kwa moja?"

Nancy alirekebisha kanga yake.

"Jirani yenu, Andrea, amekuona umechutama kwenye migomba nyuma ya uzio. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimechutama."

"Nancy, usinichezee."

"Sikuchezei, afande."

"Kuna mtu alitoka kitaluni?"

"Sikumwona mtu."

"Hakuwepo, au hukumwona?"

Nancy akainamia ndoo yake. "Sikumwona."

"Mimi nimemwachia funguo miaka yote hii!" Doreen alianza kulia. Alinyoosha mkono, na Nancy akazifungua funguo kwenye pindo la kanga, akamkabidhi.

"Jibu moja tu," Inspekta alimwambia walipofika kituoni. "Jina moja, unarudi kazini. Ukinyamaza, leo unalala mahabusu na kazi imekwenda."

"Sina jina, afande."

Kituo kilikuwa chumba kimoja, benchi moja, na nyuma kijichumba cha mahabusu. Nancy aliketi kwenye benchi. Inspekta alimwita Andrea aje kuandikisha maelezo yake. Alikuwa amechoka na watu wa maua, chai yake imepoa, na Andrea naye alikuwa mtu wa kuanza habari tangu alivyoamka.

"Achana na uji ulivyoungua, bwana Andrea. Nancy alikuwaje pale migombani?"

"Kajitanda kanga kichwani, afande, kajifunika hasa. Nikamsalimia, 'Ugonile!' Wala hakuitikia."

"Alikuwa anachungulia njia?"

"Njia kaipa mgongo! Uso kauelekeza kwenye mgomba, kama wanaongea."

Inspekta Felista akaweka kikombe chini. Mwizi akijificha, huchungulia njia ajue kama kafuatwa. Huyu aliipa mgongo na kujifunika. Felista mwenyewe aliolewa Tukuyu, na mwaka wa kwanza wa ndoa aliwahi kuruka mtaro akiwa na sare za polisi, kofia ikabaki upande wa pili. Siku hizi wengi wameacha, lakini kwenye koo nyingine za Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, wala jina lake halimtoki mdomoni.

"Andrea, Nancy ameolewa kwa nani?"

"Kwa Jackson, yule dereva wa lori la mchele. Mtoto wa mzee Ambilikile."

Kwenye benchi, Nancy alifumba macho.

Mzee Ambilikile walimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye shamba la kakao. Kwenye mashina ya mikakao, mahali ambapo wengine hukwangua kila kitu kinachoota wakidhani kinanyonya mti, yeye alikuwa amefunga okidi kwa nyuzi za mgomba. Mmea mmoja nyuzi zake zilikuwa bado mbichi.

"Huu umeotaje hapa, mzee?"

"Mwanangu, unauliza unachokijua."

"Basi twende. Mkweo yuko kituoni kwa ajili yake."

Mzee akaushika mti kwa mkono. Hakuwa na habari. Aliubandua mmea taratibu, akautia kwenye mfuko, akatangulia yeye kwenda kwenye gari.

Lakini walipofika uwanjani mwa kituo, aligoma.

"Siingii."

"Mzee, uko chini ya ulinzi!"

"Niko chini ya ulinzi, sikatai. Lakini siingii. Yumo."

"Haya, nimtoe yeye."

"Sitoki, afande," sauti ya Nancy ilitoka dirishani. "Yupo nje."

Inspekta Felista alishika kichwa. Amesoma chuo cha polisi, kapita kozi ya upelelezi, na hakuna aliyemfundisha kuhoji mtuhumiwa uwanjani kwa sababu shahidi yuko ndani. Akaburuta kiti mpaka chini ya dirisha. Doreen na mzee Khamisi, waliokuja kuuliza habari za mmea wao, wakasimama kando.

"Kwa nini hukununua kama watu?"

"Muuzaji ni yeye. Nikiingia, atoke. Akitoka, nani ataniuzia?"

"Si ungemtuma mwanao?"

"Jackson!" Mzee alilitamka jina kama anatema mbegu. "Nilimkanya asimwambie mkewe. Mzee mzima, mkwe ajue nahangaika na maua? Nikamtuma Mbeya. Nikamweleza mizizi, ncha, kila kitu. Kwanza akaleta wa milimani, ukanyauka. Kisha akaleta chotara. Safari ya tatu akaleta wa plastiki."

"Wa plastiki?"

"Nimeumwagilia mwezi mzima, Inspekta."

Ndani, mtu alikohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi.

"Nilitaka kuchagua kwa macho yangu," mzee aliendelea. "Mara moja tu. Leo nikamwona ameshika njia ya bombani, nikaingia. Nilitaka kutazama. Nikauona huu."

"Na utepe hukuuona?"

"Niliuona baadaye. Nilikuwa nimeshauchagua. Ndipo nikajua sijakosea."

"Ukauiba."

"Nikauiba. Andika hivyo hivyo." Akavua kofia. "Mwambie yule nimemkosea."

"Dirisha liko wazi, mzee. Mwambie mwenyewe."

"Mwambie."

Inspekta akageukia dirisha, meno kayabana. "Anasema amekukosea."

"Mwambie yameisha, afande."

"Anasema yameisha."

"Ndaga fijo," mzee alishukuru kwa Kinyakyusa, akiutazama ukuta.

Mzee Khamisi alikuwa ameutoa mmea mfukoni, anaugeuza juani. "Hakuna mzizi uliovunjika," alisema, na alionekana kukasirishwa na hilo kuliko na wizi wenyewe. "Hata mimi ningevunja mmoja. Mimi sina kesi."

Doreen alifungua mkoba. Alikwenda dirishani, akapitisha funguo katikati ya nondo.

"Haya, uko huru," Inspekta alimwambia Nancy. "Nimalizie maelezo yako tu. Pale migombani, nani alipita?"

"Sikumwona mtu."

"Nancy! Amekiri mwenyewe, umesikia!"

"Nimesikia, afande. Sikumwona mtu." Alikuwa ameelekea ukutani, kanga kichwani, funguo kifuani. "Lakini nina swali. Mimi nyuma ya nyumba ile siendi. Muulize, huko kwenye mikakao anazo okidi zipi?"

Inspekta Felista alifunga jalada. Akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Mzee, anauliza unazo zipi."

"Nianze na zipi? Nyeupe au za njano?"

"Anauliza aanze na..."

"Nimesikia," alisema Nancy, bado akiutazama ukuta. "Aanze popote. Na asiruke hata moja."