Kikapu Hakirudi Kitupu

Kabla haujawa mtaa, pale ukingoni palikuwa tope tupu na mikoko. Wadachi walipotaka mji wao mdogo wa mbele ya mto, huku deltani karibu na Salale, watu walikusanywa kwa kiboko, wakakata boriti, wakazichomeka topeni safu kwa safu, wakajaza udongo nyuma yake. Leo wajukuu wanasema mtaa ule kaujenga Mjerumani. Mjerumani gani aliyebeba boriti begani? Waliobeba ni akina Kondo.

Kondo alikuwa kaka yake Mwantum, na Mwantum ndiye aliyemzaa bibi yangu Zamda, kwa hiyo msiniambie nimezua. Kidole gumba cha mguu wa kushoto wa Kondo kilikatwa na shoka kwenye kazi hiyohiyo ya boriti. Vita vya Maji Maji vilipofika mtoni, hakungoja kuitwa mara mbili, akainywa dawa. Askari walipoanza kuwasaka walioinywa, akajificha mikokoni.

Mume wa Mwantum, Sadallah, alikuwa nyapara wa boriti. Yeye na Kondo walikuwa wamechanjiana, kila mmoja kaionja damu ya mwenzake na kula kiapo. Sasa nani mwingine wa kumwamini? Kila Ijumaa baada ya sala, Mwantum alipika wali na kamba, akautia ndani ya kikapu chake cha ukindu chenye uzi mwekundu mdomoni, na Sadallah akaupeleka kwa mtumbwi.

"Mwambie kaka kikapu changu kisirudi kitupu!" Mwantum alikuwa akitania.

Ndiyo ada yetu: chombo kilichokuletea chakula hukirudishi kitupu. Kondo hakuwa na kitu kule mafichoni, lakini kikapu kilirudi na kaa wawili watatu, kila mara.

Ijumaa moja Sadallah akarudi mikono mitupu.

"Kaka yako kakimbilia Umatumbini," alisema. "Yuko salama. Na kikapu kaondoka nacho."

Mwantum akamshukuru Mungu, akangoja. Mwezi uleule Sadallah akapewa kiwanja cha kwanza mtaani, kinachotazama mto. Alisema ni malipo ya jasho lake, na mkewe akaamini. Kwa nini asiamini?

Wakajenga, wakahamia. Ikaja bamvua, yale maji makubwa ya bahari yanayopanda mtoni. Alasiri, jua bado kali, maji yalipanda mpaka barazani kisha yakashuka. Mwantum akatoka na ufagio kukwangua tope, akakuta nyayo zimetoka mtoni hadi mlangoni. Zilikuwa za mtu mmoja. Unyayo wa kushoto haukuwa na kidole gumba.

Moyo ulimruka kwa furaha. "Baba Zamda! Njoo uone! Kaka karudi!"

Sadallah akatoka. Akatazama. Akaanza kuzifuta zile nyayo kwa mguu wake, harakaharaka.

"Nyamaza," akanong'ona. "Usimtaje."

Mwantum akabaki kamkodolea macho. Huyu anamwogopa nani? Ndugu yake wa damu?

Kesho yake maji yakapanda tena, yakashuka. Kizingitini palikuwa na kikapu. Uzi mwekundu uleule. Kilikuwa kimejaa maji pomoni. Hebu fikirini, jamani: kikapu cha ukindu, na hakivuji hata tone! Mwantum akatia mkono. Baridi. Chini kabisa vidole vyake viligusa vitu vitatu vidogo, akavitoa. Yalikuwa maganda ya risasi.

Akaketi palepale topeni. Kijito alikojificha Kondo alikijua mtu mmoja tu.

"Askari uliwapeleka wewe," alimwambia mumewe.

"Wangeninyonga mimi, mke wangu. Ningefanyaje?"

"Na kiwanja je?"

Sadallah akainama, akaanza kuyaokota yale maganda.

"Ungeniambia nisipike," Mwantum akasema, machozi yakimtoka. "Wamemwua anangoja wali wangu. Angalau ungeniambia nisipike!"

Siku ya tatu, Sadallah alikomea mlango mapema. Alasiri ikafika. Maji yakagusa kizingiti.

"Hodi."

Sauti ya Kondo. Ileile.

Sadallah akamshika mkewe mkono. "Usiitikie," akanong'ona. "Nakuomba. Asipokaribishwa haingii."

"Hodi."

Mwantum aliutazama ule mkono uliomshika. Ndio uliobeba kikapu. Kila Ijumaa.

"Hodi, ndugu yangu."

"Karibu," akaitikia Mwantum.

Akauchomoa mkono wake, akambeba Zamda, akatokea mlango wa uani. Hakugeuka. Nyuma yake hakusikia ukelele, alisikia maji tu.

Aliporudi magharibi, komeo la mlango wa mbele lilikuwa mahali pake. Nyumba ilikuwa tupu. Nje, topeni, kulikuwa na nyayo zinazorudi mtoni. Za watu wawili, bega kwa bega.

Mtaa ule umejaa maduka sasa, ila kiwanja kile hakuna anayekijenga. Mwantum alihamia Kibiti, mbali na mto, akaenda na kikapu chake. Kipo mpaka leo jikoni kwa mama yangu, kimetundikwa kwenye boriti, kikavu, kimejaa masizi, na hakuna anayekitumia. Bamvua ya mwezi uliopita, mama alinituma nikishushe apanguse vumbi.

Nilishindwa kukiinua. Kilikuwa kizito.