Shibiri ya Mkono wa Kushoto

Mwaka ule boti hazikupumzika. Zilitoka ng'ambo zimejaa watu, zikashusha, zikarudi tupu kufuata wengine. Vita vya Kongo vilikuwa vimemwaga watu ziwani, na Kigoma nzima ilinuka moshi wa vyungu vya wageni waliolala nje. Maji safi yakawa shida kubwa kuliko chakula, kipindupindu kikaanza kuchukua watoto.

Ndiyo sababu fundi Castory alikuwa njiani jioni ile, boksi la bati begani, akienda kwenye nyumba ya pampu iliyokuwa ufukweni chini ya Kasingirima. Pampu ile ilisukuma maji kutwa kwenda kambi ya mapokezi. Haikuzimwa ila saa kumi na mbili, tangi likishajaa, na ilizimwa kwa saa moja tu. Katika saa hiyo Castory alitakiwa afunge boksi jipya kwenye swichi kubwa, kwa kuwa boksi la kwanza lilikuwa limeua mtu.

Na boksi la kwanza alilitengeneza yeye.

Tuseme ukweli, Castory hakuwa fundi umeme. Alikuwa fundi masanduku, yale ya bati yenye maua ya rangi ambayo wanafunzi huenda nayo bweni na maharusi huyajaza kanga. Kwa masanduku hakuwa na mpinzani kuanzia Ujiji mpaka Kidahwe. Alipokuja Emmanueli, mkimbizi wa Kalemie aliyewahi kufanya kazi kwenye mitambo ya umeme huko kwao, akatafuta mtu wa kumkunjia mabati, kila mtu alimwelekeza kwa Castory.

Emmanueli alimchorea kwenye ubavu wa katoni ya biskuti za msaada. Ndani ya swichi kulikuwa na vyuma vitatu vya shaba, vitupu, vinavyopitisha umeme wa msongo mkubwa. Vilitakiwa kufungiwa ndani ya boksi, lisilo na tundu la kupitisha hata mjusi, na kutoka shaba mpaka ukuta wa bati ziwe sentimita ishirini na mbili, pande zote.

"Umeme munene hauna subira, fundi," alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Haungoji uuguse. Ukiukaribia tu, unaruka. Pima muzuri."

Sentimita ishirini na mbili. Castory akacheka moyoni. Si shibiri moja hiyo? Miaka thelathini alikuwa anapima kwa shibiri ya mkono wa kulia na hakuna sanduku lililokataa kufunga. Ila siku ile mkono wa kulia ulikuwa umevimba, umekatwa na bati. Akapima kwa wa kushoto. Na mkono wa kushoto, mkasi wa bati ulishaondoka na nusu ya kidole chake cha mwisho tangu akiwa mwanafunzi wa kazi. Alikizoea mno kidole kile kibutu, akasahau kuwa ni kibutu.

Emmanueli aliuliza, "Umepima na tepu?"

Akajibu, "Nimepima."

Jioni ya siku ya tatu tangu boksi lifungwe, mvua imenyesha, hewa imelowa, umeme uliruka kutoka shaba hadi kwenye bati. Mlango wa boksi ukafumuka na moto. Emmanueli alikuwa amesimama mbele yake. Hakufika hospitali.

Castory alijua. Aliporudishiwa boksi lililoungua alilipima usiku huo huo kwa tepu ya kuazima, akakuta sentimita kumi na saba. Akalitupa chooni kwake. Akanyamaza.

Na kimya chake kikapata wa kukilipia. Emmanueli alikuwa amepanga chumba Buzebazeba kwa bibi mmoja mjane, Anifa. Wiki ile ile waligombana kwa sababu ya taa aliyoiacha ikiwaka usiku kucha, na majirani walimsikia bibi akifoka, "Huo umeme wako utakuja kukula!" Ni maneno ya hasira, kila mama mwenye nyumba anayasema. Lakini tupo Kigoma, watu wanaamini kuna radi inayotumwa kama barua, na kijana kafa kwa moto wa umeme akiwa ndani ya nyumba. Watu walihitaji nini zaidi? Bibi ametuma radi. Mtaa ukakaa kikao, ukampa mpaka Jumamosi magharibi awe amerudi kwao Kongo, la sivyo atachomewa ndani.

Bibi Anifa alizaliwa Ujiji. Hata mama yake alizaliwa Ujiji; aliyetoka Kongo ni babu yake. Ziwa alikuwa hajawahi kulivuka.

Na leo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Castory alipita mbele ya nyumba ya bibi huyo. Bibi alikuwa anafagia uwanja, taratibu, kama ana wageni kesho.

"Shikamoo, bibi," alisema bila kusimama.

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama."

Alitembea haraka. Alijiambia kwamba boksi la safari hii amelipima kwa tepu, mara tatu. Deni kwa marehemu litakwisha. Ya bibi ni ya mtaa, yeye ni nani hata aushinde mtaa mzima? Ndivyo mwoga anavyojisomea kesi na kujiachia huru.

Skolastika, mama aliyeendesha pampu, alikuwa mlangoni anamngoja. Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo, jekundu.

"Nimekata," alisema. "Mpini wa swichi nimeutia kufuli langu." Akavuta kamba iliyokuwa shingoni, ufunguo ukatokea. "Huu hapa. Hakuna wa kuwasha mpaka uniambie mwenyewe kuwa umetoka."

Hiyo ndiyo desturi ya kazi ile. Anayeingia ndani hamwachii mtu uhai wake ila mwenye kufuli.

Castory akaingia na tochi. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta nyeusi kwa masizi. Harufu ilimpokea. Bati lililoungua. Nywele. Na chini yake, harufu ya mawese yaliyosahauliwa jikoni... Emmanueli alikuwa hali kitu bila mawese.

Akashusha boksi. Akalipachika mahali pake, akakaza bolti za chini. Akatoa tepu. Kushoto, ishirini na mbili. Kulia, ishirini na mbili. Juu, ishirini na mbili. Akashusha pumzi.

Mmmmm...

Akasimamisha mkono.

Mmmmmmmm...

Ni mvumo ule ambao shaba hutoa umeme ukiwa ndani. Lakini umeme ulikatwa. Ufunguo uko shingoni kwa Skolastika.

Labda ni nzi, akajiambia. Labda ni boti ziwani.

"Pima."

Sauti ilitoka ndani ya boksi. Ilikuwa ya chini, kavu, ya mtu mwenye kiu.

Castory hakutaka kutazama. Alitazama.

Nyuma ya shaba, mahali ambapo hata paka asingeenea, mkono ulikuwa unatoka taratibu. Ulikuwa mweusi, ngozi imekunjamana kama ganda la muhogo wa kuchoma. Ukagusa shaba kwa kidole gumba. Ukatandaza vidole vingine mpaka ukutani. Ukaenea sawasawa.

"Hii ni muzuri," sauti ikanong'ona. "Ile ingine... ulipima na mukono gani, fundi?"

Castory aliutazama mlango uliofungwa.

"Mukono gani?"

"Wa kushoto."

Ule mkono ukamshika kifundo cha mkono wake wa kushoto. Ulikuwa wa moto. Ukamvuta, ukamtandazia vidole juu ya bati, kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Gumba kwenye shaba. Kidole kibutu hakikufika ukutani. Pakabaki nafasi, na katika nafasi ile cheche ndogo ya buluu ikaanza kucheza.

Tss... tss...

"Ulimwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Mama Anifa alinipikia," sauti ikasema. "Nilikuja na shati moja, akanioshea hilo shati."

Mvumo ukapanda. Nywele za Castory zikasimama, meno yakauma.

"Sema, fundi."

"Nitasema! Nitasema!"

"Leo."

Cheche ikaruka.

Alichokumbuka baadaye ni Skolastika akimburuta nje kwa kola. Kufuli lilikuwa palepale kwenye mpini, ufunguo shingoni. Kwenye kifundo cha mkono wa Castory kulikuwa na alama tano za kuungua, zimezunguka.

"Umeme mwingine hubaki ndani hata ukikata," Skolastika alisema, akizitazama alama zile. "Marehemu alinifundisha. Kwanza unaugusisha ardhini na waya, ndipo unatia mkono. Hukuugusisha, eti?"

"Sikujua."

"Basi ni huo." Akautazama mlango wa chumba. "Ulikuwa unazungumza na nani mle ndani?"

Castory alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alikimbia kupandisha Buzebazeba, mzee wa miaka hamsini na tano, kandambili moja imebaki njiani. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa. Alisikia zogo kabla hajaliona. Watu wapatao arobaini walikuwa wamezunguka nyumba ya bibi, wengine na marungu, mmoja na kidumu cha mafuta ya taa. Bibi Anifa alikuwa amekaa kizingitini na furushi la nguo. Balozi wa nyumba kumi, mzee Pastory, alikuwa amesimama pembeni.

"Acheni!" Castory alipaza sauti. "Nimemuua mimi!"

Zogo likakatika.

Akasema yote. Katoni, shibiri, kidole, tepu ya kuazima, boksi lililo chooni. Alisema huku analia, akainua mkono wa kushoto wauone. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu kifua chake kilikuwa chepesi. Alidhani amemaliza.

Mtu mmoja akasogeza kibatari.

"Hebu oneni huo mkono."

Alama tano zilikuwa zimevimba, nyekundu, na zilionekana wazi kuwa ni za vidole.

"Kashikwa!" mwanamke mmoja akapiga ukelele. "Bibi kamshika!"

"Kamtuma aje ajitwike mzigo wake!"

"Fundi wa watu maskini, mtazameni anavyohema. Hayo maneno si yake."

"Ni yangu!" Castory alilia. "Balozi, twende kwangu, boksi lipo, tulipime!"

Mzee Pastory alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimwuma kuliko kofi. "Pumzika, mwanangu. Tutakutafutia mganga akufungue."

Waliomkamata walimkamata kwa upole, kama mgonjwa. Alichokileta kumwokoa bibi ndicho kilichomkandamiza, kwa kuwa sasa hata waliokuwa na shaka hawakuwa nayo tena. Balozi alifanikiwa jambo moja tu. Nyumba isichomwe, bibi asindikizwe ufukweni, apande boti ya kwanza.

Bibi Anifa alipopita mbele ya Castory alisimama. Hakuonyesha hasira.

"Wiki tatu, Castory," alisema taratibu. "Siku ya matanga ulikaa kwenye mkeka wangu ukanywa chai yangu. Ungesema siku ile, wangekuamini. Leo umeniletea ukweli umeshachacha."

Alfajiri Castory alikuwa ufukweni. Boti ilikuwa imeshusha familia tatu kutoka Kongo, watoto wanakohoa, mama mmoja anabusu mchanga. Walipanda juu wote, na mtu mmoja tu akashuka kwenda kule walikokimbia.

"Bibi, nisamehe."

"Nisaidie kupanda," bibi alisema.

Akamwinua. Alikuwa mwepesi. Mwenye boti akawasha injini, na Castory akabaki ndani ya maji mpaka magotini akiitazama boti ikififia katika ukungu. Alimwona mwenye boti amesimama nyuma. Alimwona bibi katikati na furushi lake. Akafuta macho akatazama tena, kwa kuwa aliona kama kuna mtu wa tatu, amekaa ubavuni kwa bibi, ameinamisha kichwa.

Alijiambia ni mzigo.

Mwenye boti alirudi siku ya nne na wakimbizi wengine. Castory alikuwa anamngoja, na alimvuta kando kabla hajafunga kamba.

"Bibi yangu alifika?"

"Alifika." Yule mtu hakumtazama machoni. "Ila njia nzima alikuwa anazungumza. Anasema, ananyamaza, anatikisa kichwa, kama mtu anayejibiwa. Nikasema ni uzee. Tulipofika ng'ambo nikampa mkono ashuke, akakataa. Akaniambia nimshushe kijana wake kwanza, taratibu, maana ameungua."

"Ukafanyaje?"

"Hapakuwa na mtu pale, fundi. Nilinyoosha mkono nisije nikamuudhi mzee wa watu." Akauficha mkono wake wa kulia mfukoni. "Kitu kikanishika."